Barakoa imevaliwa, vumbi bado linaingia: wapi pa kutafuta kosa

Mninga ukipigwa msasa hutoa unga wa kahawia unaoelekea wekundu, laini kama poda. Umeupiga tangu asubuhi, barakoa haikutoka usoni isipokuwa wakati wa chai, na jioni ukipenga kamasi kitambaa kinapata rangi ile ile ya mbao. Hapo ndipo mafundi wengi huitupa barakoa kwenye boksi la misumari na kesho yake hurudia kujifunga fulana kuukuu puani. Mimi nilikaa hivyo karibu mwaka mzima, kwenye karakana yetu ya Keko, Dar es Salaam. Barakoa niliyoilaumu ilikuwa nzima kabisa. Tatizo ni kwamba ilikuwa ya saizi kubwa na uso wangu ni mwembamba, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kitu hiki kina saizi kama kiatu.

Nazungumzia barakoa ya mpira inayofunika pua, mdomo na kidevu, yenye filta moja au mbili za kubadilisha. Mwili wake ukitunzwa unadumu miaka. Kinachokwisha ni filta. Lakini ina viungo vingi vinavyoweza kukuangusha: ukingo unaogusa uso, mikanda, vali za kuvutia hewa, vali ya kutolea hewa, filta, na mpira mdogo ambao filta inakalia. Ikishindwa, swali la kwanza ni kipi kati ya hivyo kimeshindwa. Kwa barakoa za wenzangu nilizozikagua, jibu limekuwa ukingoni mara nyingi kuliko kwenye filta. Ndiyo maana naanza na uso.

Na uso huo unastahili kusumbukiwa. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao katika kundi la 1, yaani vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Saratani inayotajwa zaidi ni ya ndani ya pua na ya nafasi za hewa zilizo kwenye mifupa inayoizunguka, hasa kwa wanaofanya kazi na mbao ngumu. Maranda ya randa ya mkono hayaendi mbali, yanaanguka miguuni. Hatari kubwa imo kwenye unga wa msasa, ule ambao huuoni mpaka mwanga wa jua upite dirishani.

Soma ndani ya barakoa kabla ya kuilaumu

Baada ya kazi ya msasa, vua barakoa nje ya karakana na usiipanguse. Igeuze, itazame ndani kwenye mwanga mzuri. Vumbi lenyewe linakuonyesha lilipopitia.

Mstari wa vumbi kando ya pua maana yake hewa inaingilia kwenye daraja la pua. Mstari chini ya kidevu unasema barakoa ni ndogo au kubwa mno, au mkanda wa shingoni umelegea. Vumbi likikusanyika kuzunguka tundu la katikati, mbele ya mdomo, vali ya kutolea hewa haifungi. Likizunguka mahali filta inapokaa, filta haikuingia sawasawa au mpira wake umepotea. Ukikuta unga mwepesi umetanda kila mahali, kuna mambo mawili: ama filta haichuji kitu, ama barakoa ilikuwa imening'inizwa kwenye msumari ukutani huku wengine wakipiga msasa, ukaivaa na vumbi lake. Hilo la pili ndilo la kawaida zaidi.

Kisha fanya majaribio mawili, na uyafanye kila unapoivaa, si siku ya kununua tu. La kwanza: ziba filta zote mbili kwa viganja, vuta pumzi polepole, uishike kwa sekunde kumi hivi. Barakoa inatakiwa inywee kidogo na kubaki imenyonya uso. Kwa filta bapa zilizo kama chapati, viganja vinaweza kuusukuma mpira na kukudanganya. Weka vidole gumba kwenye kibonyeo cha katikati ya kila filta na ubonyeze taratibu. La pili: ziba tundu la kutolea hewa, pumua nje kwa upole. Barakoa ivimbe kidogo bila hewa kupita pembeni. Ukisikia upepo kwenye kope za macho, umepata pa kuanzia.

Kamasi na makohozi yana rangi ya mbao

Hii ndiyo dalili kuu na ina sababu nyingi, kwa hiyo nitakaa hapa muda mrefu.

Saizi kwanza. Watengenezaji wanaoijali kazi yao hutoa ndogo, ya kati na kubwa. Kwa 3M, mfululizo wa 6000 una 6100, 6200 na 6300, ndogo hadi kubwa. Mfululizo wa 7500 wa silikoni una 7501, 7502 na 7503. Kinachofika kwa wingi madukani ni saizi ya kati, na muuzaji atakuambia inamfaa kila mtu. Si kweli. Wanawake wengi na vijana wa karakana wenye nyuso ndogo hawafungwi nayo. Ukingo wa juu ukae kwenye mfupa wa pua bila kugusa macho, wa chini uingie vizuri chini ya kidevu, na uweze kuongea bila barakoa kupanda na kushuka.

Pili ni ndevu. Hapa sina namna ya kulainisha maneno: barakoa ya kubana haifanyi kazi juu ya ndevu, hata za siku mbili. Nywele zinainua ukingo, na vumbi la msasa ni dogo mara nyingi kuliko unene wa unywele mmoja. Masharubu yasiyofika kwenye ukingo hayana neno. Kwa ndugu zangu wanaofuga ndevu kwa ajili ya dini, sitamwambia mtu anyoe. Namwambia asipoteze fedha kwenye barakoa ya kubana. Kuna kofia yenye ngao ya uso na feni ndogo ya betri inayosukuma hewa iliyochujwa, ambayo haitegemei kubana ngozi. Ni ghali, sana. Usipoimudu, peleka fedha yako kwenye mashine ya kuvuta vumbi na ufanyie msasa nje upande unaotoka upepo.

Kitambaa nacho kinahesabika kama ndevu. Hijabu, kofia ya baridi au leso havitakiwi kupita kati ya ukingo na ngozi hata kidogo. Mikanda juu ya kitambaa laini huteleza, kwa hiyo baada ya kuinama mara kadhaa rudia jaribio la viganja.

Mikanda yenyewe: wa juu ukae kwenye kisogo cha juu, wa chini shingoni chini ya masikio. Watu wengi huivuta mpaka ukingo unakunjika, na ukingo uliokunjika unavuja kuliko uliolegea. Vuta pande zote mbili kwa pamoja, kidogo kidogo. Ikibidi kukaza mpaka kichwa kiume ndipo isivuje, hiyo si saizi yako.

Vali ya kutolea hewa ni kipande chembamba cha mpira, duara, mara nyingi nyuma ya kifuniko cha plastiki unachoweza kukibandua kwa kucha. Punje moja ya unga au uzi wa kitambaa ukikaa chini yake, kila unapovuta pumzi unavuta hewa chafu moja kwa moja bila kupita kwenye filta. Ifungue, ipanguse kwa kitambaa chenye unyevu, itazame kama imejikunja au imekakamaa. Iliyojikunja hairudi, inunuliwe nyingine. Nimeona barakoa nzuri ikitupwa kwa kosa la kipande hiki.

Halafu kuna kosa ambalo si la barakoa: kuivua mapema. Zima mashine jioni, funga madirisha nusu, washa tochi ya simu na uielekeze pembeni gizani. Utaona vumbi linaelea kama moshi, na litaendelea kuelea muda mrefu baada ya kelele kwisha. Wengi wetu tunapiga msasa tukiwa tumevaa, kisha tunavua ili kufagia, na mwishoni tunajipuliza nguo kwa kompresa uso ukiwa wazi. Vumbi la dakika hizo chache linaweza kuzidi la saa nzima ya kazi. Fagia ukiwa umevaa, mwagia maji kidogo sakafuni, na kompresa iache kwenye rangi.

Ukishamaliza yote hayo na bado kamasi ina rangi, ndipo uishuku filta.

Filta ni ya aina gani hasa

Sokoni utakutana na lugha tatu za namba, na zinachanganya. Ya Ulaya, kiwango EN 143 kwa filta za barakoa za mpira: P1 inazuia angalau asilimia 80 ya chembe za kipimo, P2 asilimia 94, P3 asilimia 99.95. Ya Marekani, inayothibitishwa na NIOSH, taasisi yao ya usalama na afya kazini: namba 95 ni asilimia 95, na 100 ni asilimia 99.97, ikitanguliwa na herufi N, R au P. Herufi hapo inahusu mafuta: N haihimili ukungu wa mafuta, R inahimili kiasi, P inahimili zaidi. Kwa hiyo P ya P100 na P ya P3 hazina maana moja, ingawa zote mbili ni filta za daraja la juu. Ya China ni kiwango GB 2626, chenye KN95 na KN100.

Kwa kazi yetu, P2 au N95 inatosha kwa kukata na kupiga randa nje penye hewa. Kwa msasa wa mashine, kwa kereza, kwa rauta (mashine ya kuchonga kingo na mifereji), na kwa MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, wa aina yoyote, mimi natumia P3 au P100 na sibadilishi. Ina uzito kidogo wa kupumua, unazoea. Lakini usitegemee asilimia 99.97 kwenye uso unaovuja. Huko Uingereza wakadiriaji wa usalama huhesabu barakoa ya nusu uso yenye P3, iliyopimwa vizuri usoni, kuwa inapunguza vumbi unalovuta mara 20 tu, kwa sababu wanajua ukingo ndio unaoamua.

Filta za bandia zipo nyingi. Niliwahi kununua pakiti ya filta za pinki, nzuri za kuvutia, na ndani yake kulikuwa na pamba nyembamba uliyoweza kuona mwanga kupitia. Muuzaji huenda naye hakujua. Angalia maandishi: kwa bidhaa za Ulaya, alama ya CE kwenye filta za namna hii lazima ifuatwe na namba yenye tarakimu nne ya taasisi iliyoithibitisha, CE peke yake haitoshi. Kwa za Marekani tafuta neno NIOSH na namba ya idhini inayoanza na TC-84A. Filta isiyotaja kiwango chochote ni kitambaa.

Na kabla ya kununua barakoa yenyewe, uliza filta zake zinapatikana wapi katika mji wako. Nyingine hufungwa kwa kuzungusha robo ya mzunguko, nyingine kwa nyuzi za skrubu, na ya kampuni moja mara nyingi haiingii kwa nyingine. Kuna nakala za bei rahisi ambazo filta halisi inaingia lakini inacheza. Itikise: ikigongagonga, hewa inapita.

Filta ilikuwa nzuri, nikaiosha, sasa haizuii

Usioshe filta ya vumbi. Filta hizi hazichuji kama chekecheke peke yake; nyingi zina nyuzi zenye chaji ya umeme tuli, ile inayofanya kitana cha plastiki kivute karatasi, nazo hudaka chembe ndogo ambazo tundu pekee lisingezizuia. Spiriti na sabuni huiondoa chaji hiyo. Itaonekana safi, pumzi itakuwa nyepesi, na vumbi litapita. Kuipuliza kwa kompresa nako kunatoboa nyuzi mahali usipopaona.

Mwili wa mpira ndio unaooshwa: toa filta, toa vali, maji ya vuguvugu na sabuni laini, suuza, anika kivulini. Tina (ile ya kuyeyushia rangi), petroli na jua kali vinakausha mpira na kuupasua. Tatizo la baada ya kuosha huwa pia la kuunganisha: vali imerudishwa kinyume, au imesahaulika kwenye sinki. Zihesabu kabla ya kumwaga maji.

Pumzi inakuwa nzito

Kama uzito umekuja taratibu kwa siku au wiki, filta imejaa, na hiyo ni habari njema: imefanya kazi. Ibadilishe. Rangi yake si kipimo. Filta ya mpingo inakuwa nyeusi mapema na bado inapitisha hewa, na ya mpaina inaweza kuonekana nyeupe huku imeziba. Pima kwa pumzi.

Uzito ukija ghafla, tazama kama filta imelowa. Pwani yetu wakati wa masika hewa yenyewe ni maji, na jasho linatiririka ndani ya barakoa mpaka linajaa chini ya kidevu. Beba kitambaa safi, toka nje kila baada ya muda, panguza. Silikoni hapa inanifaa kuliko mpira wa kawaida kwa sababu ni laini na inashika hata uso ukilowa, na haikakamai haraka.

Ikiwa filta ni mpya, kavu, na bado unahema, angalia vali za kuvutia hewa zisiwe zimenata. Na kama barakoa yote ni nzima, basi shida inaweza kuwa kifuani mwako. Nitarudi hapo mwishoni.

Nasikia harufu ya mbao, au ya tina

Kusikia harufu hakumaanishi barakoa inavuja. Harufu ni gesi, na filta ya vumbi, hata P3, haizuii gesi. Utasikia harufu ya mpaina na mkaratusi vizuri tu huku vumbi likibaki nje.

Unapopuliza sila (ya kuziba vitundu vya mbao), vanishi au rangi yenye tina, unahitaji kitu kingine: katriji ya mkaa ulioamshwa kwa ajili ya mivuke ya tina na vimiminika vya namna hiyo. Kwa mfumo wa Ulaya ina mkanda wa kahawia na herufi A. Kwa Marekani rangi yake ni nyeusi. Mbele yake weka filta ya vumbi, kwa sababu matone ya rangi ni chembe. Katriji ikishafunguliwa inaendelea kufyonza hata ukiwa umelala, kwa hiyo ihifadhi kwenye mfuko au kopo linalofunga kabisa. Siku utakaposikia harufu ndani ya barakoa iliyokaa vizuri, katriji imeshiba, itupe.

Nasisitiza jambo moja hapa, na naomba fundi yeyote anayepuliza rangi za kuchanganya na hadina, yaani kigumishi, alisome mara mbili. Rangi nyingi za poliyurethani za sehemu mbili zina isosianeti kwenye hadina. Kemikali hizo hazina harufu ya kukuonya katriji inapoisha, na zinaweza kukupa pumu ya kudumu. Kwa kupuliza rangi hizo chombo sahihi ni kile kinacholeta hewa safi kwa bomba kutoka nje ya chumba. Nusu uso yenye katriji isikupe moyo.

Miwani inaingia ukungu

Ukungu juu ya kioo, karibu na pua, ni pumzi yako inayotoka kwenye daraja la pua. Panapotoka hewa pataingia vumbi. Vaa barakoa kwanza, fanya majaribio, ndipo uvae miwani, na mikono ya miwani isipite chini ya ukingo. Barakoa yenye vali inayotazama chini husaidia. Ukungu ukibaki kwenye miwani ya kujikinga peke yake, huku jaribio la viganja linafaulu, ni jasho la uso tu.

Ngozi inawasha

Tazama umbo la upele. Ukifuata duara la ukingo, shaka iende kwenye jasho lililokauka, sabuni isiyosuuzwa vizuri, au mpira wenyewe. Osha barakoa kila siku kwa wiki moja, na usipopona jaribu ya silikoni. Ukipanda kwenye kope, shingoni na kwenye viganja pia, hiyo ni mbao. Mvule, mpingo na msaji vyote vina viasili vinavyochokoza ngozi, na jasho linavifanya vikali zaidi. Barakoa haitibu hilo. Nguo ya mikono mirefu, kuoga kabla ya kurudi nyumbani, na kubadilisha nguo hapo hapo kazini ndiyo dawa, maana ukipanda daladala na vumbi lako utalilaza hata kitandani kwa watoto.

Kifua kinabana usiku

Nimeiacha mwisho kwa sababu inaponyoka kirahisi. Pumu ya vumbi la mbao mara nyingi haiji ukiwa kwenye msasa. Inakuja saa kadhaa baadaye, usiku, kwa kikohozi kikavu, mluzi kifuani, kuamka unahema. Mtu hulaumu feni, au baridi. Swali la kujiuliza ni hili: Jumapili unajisikiaje? Na ukienda kijijini wiki mbili? Nafuu ya likizo inayopotea siku ya pili ya kurudi kazini ni dalili nzito kuliko kipimo chochote utakachokifanya karakana.

Kijana mmoja tuliyekuwa naye alikohoa miezi minne. Tulimwambia ni vumbi la barabara. Sikukuu ya mwisho wa mwaka alikwenda kwao nyanda za juu, akakaa siku kumi na mbili, akalala usingizi mzima kila usiku. Alivyorudi tulikuwa na oda ya milango ya mvule, na usiku wa pili alishindwa kulala. Nilimpa barakoa bora kuliko yangu, saizi yake, filta mpya, tukapima ukingo asubuhi na mchana. Haikutosha. Mwili ukishaizoea vibaya mbao fulani, kiasi kidogo mno kinatosha kuuchokoza, na nusu uso haiwezi kuahidi kiasi hicho.

Ukifika hapo nenda hospitali, na usiseme tu una kikohozi. Mwambie daktari kazi yako, taja mbao kwa majina, taja sila na gundi unazotumia, na siku gani unakuwa vizuri. Anaweza kukupa kifaa kidogo cha kupuliza upime nguvu ya pumzi mara kadhaa kwa siku, wiki za kazi na wiki za mapumziko, uandike kwenye daftari. Namba hizo ndizo zinazoonyesha kama kazi ndiyo inayokubana. Ukiwa umeajiriwa, mwajiri anawajibika kukupa vifaa vya kujikinga: Tanzania kwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, Kenya kwa sheria yao ya mwaka 2007. Wengi wetu tuna karakana zetu na vijana wawili watatu, na mwajiri huyo ndiye sisi.

Yule kijana sasa anaunganisha samani na kufunga vitasa upande wa nje, na oda za mvule tunapeleka kupasuliwa na kupigwa msasa kwa fundi mwenye mashine ya kuvuta vumbi. Barakoa yake iko kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko, jina lake juu, na bado anaivaa kila anapoingia ndani.